Risasi Ndani ya Jiwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umri na Asili ya Madini

Kiangazi kikishika na njia za Mpwapwa, Kondoa na Manyoni zikapitika, mawe huanza kumiminika mezani kwangu hapa Dodoma. Mengine huja kwenye kiroba cha unga, mengine yamefungwa kwenye kipande cha khanga, na kila jiwe huja na swali lake. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wachimbaji wadogo, wanafunzi wa jiolojia, na siku moja moja dalali aliyechoka kudanganywa.

Isotopu za risasi ni kitu gani?

Risasi ni hii hii unayoijua, ya kwenye betri ya gari na ya kuzamishia nyavu. Ila atomi zake hazilingani uzito. Ziko za aina nne, na aina hizo ndizo isotopu: 204, 206, 207 na 208. Zote zina protoni 82, zinapishana kwa idadi ya nyutroni tu, na ukiziyeyusha au kuzichoma zinatenda sawa. Katika risasi ya kawaida, kila atomi 100 utakuta kama 52 ni za 208, kama 24 ni za 206, kama 22 ni za 207, na za 204 hazifiki hata 2.

Tofauti yenye maana kwetu ni ya ukoo. Risasi 204 haizaliwi na kitu chochote. Iliyopo leo ni ile ile iliyokuwepo dunia ilipoumbika. Hizi nyingine tatu zinaongezwa kila siku. Urani 238 inaoza na kuishia kuwa risasi 206, na nusu ya urani hiyo huisha katika miaka bilioni 4.47. Urani 235 huishia 207, nusu yake katika miaka milioni 704. Thori 232 huishia 208, polepole mno, nusu katika miaka bilioni 14. Kwa hiyo ukilinganisha hizo tatu na 204 isiyobadilika, unapata kipimo cha kiasi gani kimeongezeka tangu mwanzo.

Mbona kila mara mnauliza kama kuna galena?

Kwa sababu galena ni daftari lililofungwa. Fikiria duka la mtaani: mtaji wa kuanzia haubadiliki, lakini mauzo yanaandikwa kila jioni. Siku mwenye duka anapofunga biashara na kutia daftari kabatini, namba za mwisho zinabaki vile vile hata ukilifungua baada ya miaka 50. Galena ndivyo ilivyo. Ni risasi na salfa, risasi ikiwa karibu asilimia 87 ya uzito wake, na inapoganda haikaribishi urani wala thori. Kuanzia hapo hakuna kinachoongezeka ndani yake. Uwiano wa siku ile ndio tunaousoma leo.

Kuitambua si kazi. Igonge kidogo kwa nyundo: inapasuka vibokosi vidogo vyenye pembe nne, nyuso zake zinang'aa kama kioo kilichotoka dukani, halafu ukiiweka galena kiganjani unashtuka kwa uzito. Wengi huidhani fedha. Wakati mwingine fedha imo kweli, lakini hilo ni suala la kipimo kingine.

Sasa umri mnaupataje kwenye uwiano?

Tunahitaji vitu viwili: dunia ilianza na uwiano gani, na tangu hapo ulikuwa ukiongezeka kwa kasi gani. Cha kwanza kilitoka angani. Vimondo vya chuma kama Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, vina madini ya salfa yasiyo na urani ya kuhesabika, kwa hiyo vimetunza risasi ya mwanzo kabisa: 206 kwa 204 ni 9.31, na 207 kwa 204 ni 10.29. Clair Patterson, mwanasayansi wa Marekani, alizitumia risasi za vimondo mwaka 1956 kuipa dunia umri wa miaka bilioni 4.55, na namba hiyo haijasogea sana mpaka leo.

Cha pili ni kigumu zaidi. Arthur Holmes wa Uingereza na Friedrich Houtermans wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walichapisha mwaka 1946 hesabu inayochukulia kwamba risasi ilikua ndani ya chungu kimoja kisichoguswa, yaani chanzo kisichoongezwa wala kupunguzwa kitu, mpaka siku galena ilipotoka. Ni hesabu nzuri, lakini dunia haikukaa kimya namna hiyo. Mwaka 1975 John Stacey na Jan Kramers wakaigawa hadithi mara mbili: hatua ya kwanza mpaka miaka bilioni 3.7 iliyopita, halafu hatua ya pili yenye urani nyingi zaidi kulinganisha na risasi. Mchoro wao ndio ambao bado tunautandika mezani kabla ya kuanza kubishana.

Kwa hiyo mkiniambia mshipa wangu una miaka bilioni 2, ni bilioni 2?

Hapana, si moja kwa moja. Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloleta maneno.

Namba tunayokupa inaitwa umri wa kielelezo. Maana yake: *kama* risasi yako ilikulia kwenye chungu kinachofanana na kile cha mchoro, basi ilitoka humo wakati huu. Ikiwa ilikulia kwingine, saa inaongopa, na inaweza kuongopa kwa upande wowote. Chukua mishipa miwili iliyotokea siku moja. Wa kwanza ulikomba risasi kutoka miamba ya chini sana ya gamba la dunia, ambako joto lilikwishafukuza urani zamani. Risasi hiyo ilidumaa, na galena yake itasomeka nzee kuliko ilivyo. Wa pili ulikomba risasi kutoka kwenye itale zenye urani nyingi. Hiyo ilikua haraka mno, na galena yake itasomeka changa.

Changa kiasi gani? Kwenye migodi ya risasi na zinki ya Joplin, Missouri, huko Marekani, hesabu inatoa umri wa wakati ujao. Yaani mchoro unadai galena hiyo bado haijazaliwa! Wanajiolojia wameipa jina la mahali hapo, risasi aina ya J. Mwanafunzi akiniletea umri hasi na uso umemsawajika, humwambia asifute: amepata habari nzuri ya chanzo, ila ameiandika kwenye safu ya umri.

Ndiyo maana mimi uwiano wa risasi nauchukua kwanza kama shahidi wa ukoo. Umri ni jambo la pili, na haunihusu mpaka nijue ni umri wa nini: wa mshipa, au wa mwamba uliotoa risasi?

Hapa Dodoma na kanda ya kati tutegemee namba zipi?

Hapa ndipo mahali pazuri pa kazi hii, maana tumekaa kwenye makutano. Mji wa Dodoma uko juu ya kizio cha kale cha Tanzania, yaani kipande kigumu cha kale cha gamba la dunia: itale na naisi (miamba iliyopikwa na kukandamizwa) zenye umri wa miaka kama bilioni 2.6 hadi 2.7 na nyingine zaidi. Vile vilima vya mawe ya mviringo unavyoviona ukitoka mjini ni mabaki yake. Ukielekea kusini mashariki, upande wa Mpwapwa, unaingia mkanda wa Usagara, ambao ulikunjwa na kupikwa miaka kama bilioni 2 iliyopita. Ukizidi kwenda mashariki unakutana na mkanda wa Msumbiji, ambao joto lake kubwa lilikuja kama miaka milioni 640 iliyopita na halikuheshimu mipaka: miamba mingi ya kale ilipikwa upya humo.

Ukitumia mchoro wa Stacey na Kramers, galena ya miaka bilioni 2.7 inategemewa kuwa na 206 kwa 204 ya karibu 13.6. Ya bilioni 2 itakuwa karibu 15.2. Ya milioni 640 itakuwa karibu 17.7. Hizo ni namba zilizoachana mno. Mashine yoyote ya maana inazitenganisha bila jasho. Kwa mtu mwenye mshipa usiojulikana pale mpakani, hilo ni jambo kubwa. Ukiniletea galena ikasoma 13.6, sina haja ya kukuuliza mara mbili: risasi hiyo ilifungwa zamani za kale, na tukio la Msumbiji halikuifungua.

Taabu iko katikati. Tuseme imesoma 16.4. Je, kuna tukio lisilojulikana? Au ni mshipa wa miaka milioni 640 uliokomba risasi ya kizio cha kale na kuichanganya na ya kwake? Hapo tunageukia 207. Urani 235 iliteketea mapema. Tangu dunia ianze imebaki karibu asilimia 1 tu ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo 207 yote ya maana ilizaliwa zamani sana, na mwamba uliokuwa na urani nyingi enzi hizo unaibeba alama hiyo milele. Galena ikikaa juu ya mchoro upande wa 207, najua kuna gamba la kale kwenye ukoo wake, hata kama mshipa wenyewe ni wa juzi. Na sampuli moja haitoshi kusema haya. Nataka tano au sita kutoka mshipa huo huo, tuone zinakaa fungu moja au zinajipanga mstari.

Urani ya Bahi na Manyoni haitatuvurugia hesabu?

Haitavuruga. Urani ile iko kwenye udongo na chokaa za mabonde na mbuga, karibu na uso wa ardhi, na ni changa mno kwa kazi hii. Katika miaka milioni 1, atomi 10,000 za urani 238 hazitoi hata atomi 2 za risasi. Ninachokiogopa zaidi ni itale yenyewe inapooza kwa hali ya hewa: risasi iliyozaliwa ndani ya madini yenye urani hutoka upesi kuliko risasi nyingine, ikachafua maji na udongo wa jirani.

Jiwe langu lina shaba tu, galena haimo. Nirudi nalo nyumbani?

Usirudi nalo. Wachimbaji wengi wa Mpwapwa wana shaba, na jiwe la shaba lina risasi pia, ila kwa kiasi cha chembe kwa kila milioni. Kalkopairaiti (madini ya shaba, chuma na salfa) na pairaiti (chuma na salfa) vinapimika. Lakini masharti yanabadilika. Kwanza, risasi ikiwa kidogo namna hiyo, hata urani kidogo sana iliyomo itakuwa imeongeza 206 kwa miaka yote tangu mshipa utokee, kwa hiyo inabidi tupime urani na kurudisha hesabu nyuma. Pili, uchafu. Galena yenye risasi asilimia 87 huwezi kuichafua hata ukiiangusha barabarani. Pairaiti yenye chembe 5 kwa milioni inachafuliwa na kidole.

Hebu toa mfano wa uchafu.

Nitautoa wangu mwenyewe. Zamani, nikiwa bado natafuta jina, nilikusanya sampuli za pairaiti kutoka mashimo matatu na kuzipakia nyuma ya pikapu. Majibu yaliporudi niliyaweka kwenye karatasi: nukta zote zilikaa kwenye mstari mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Katika kazi hii, mstari mnyoofu wa 207 dhidi ya 206 unaweza kuwa umri, mwinuko wake ndio saa. Nikahesabu, nikapata umri mtamu kabisa, nikautangaza kwa wenzangu kwa sauti.

Mzee mmoja fundi wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile pikapu ilikuwa imebeba nini wiki ya kabla?" Ilikuwa imebeba betri kuukuu, moja imepasuka. Viroba vyangu vilikuwa vimelalia unga wake. Mstari wangu ulianza kwenye pairaiti safi na kuishia kwenye betri. Kila sampuli ilikaa mahali pake kulingana na ilivyolowa. Mchanganyiko wa vitu viwili huchora mstari mnyoofu sawasawa na umri, na karatasi haikuambii ni kipi kati ya hivyo. Tangu siku hiyo, sampuli zisizo na galena nazifunga mara mbili na nazibeba miguuni kwangu.

Patterson naye alikutana na adui huyo huyo, ila yeye aligundua kwamba uchafu ulikuwa dunia nzima. Risasi iliyotiwa kwenye petroli ilikuwa imeingia hewani, baharini na kwenye vumbi la maabara yake, akajikuta anapigana na wenye viwanda kwa miaka. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006.

Isotopu zitaniambia mali iko kiasi gani?

Hazitakuambia. Kiasi cha shaba au risasi kwenye tani ya mwamba unakipata kwa vipimo vya kawaida vya maabara, ambavyo ni rahisi zaidi, na ukubwa wa mali unaupata kwa kuchoronga. Yeyote anayekuuzia "kipimo cha isotopu cha kujua utajiri" anakula hela yako.

Zinachoweza ni kukusaidia kuchagua. Huko Broken Hill, Australia, kuna hazina kubwa mno ya risasi, zinki na fedha ya miaka kama bilioni 1.69, na galena yake inasoma 206 kwa 204 ya 16.0, sehemu moja hadi nyingine bila kuyumba. Kuizunguka kuna mishipa mingi midogo ya galena, inayoitwa ya aina ya Thackaringa, iliyokuja baadaye sana na ambayo haikupata kuwa migodi mikubwa. Kwa macho galena ni galena. Kwa isotopu hazifanani, na mtafiti anajua mapema ni mshipa upi unastahili mashine ya kuchoronga.

Jambo hilo linafanya kazi hata pale mwamba umebaki kutu nyekundu juu ya ardhi. Mvua za miaka mingi huosha zinki na shaba, lakini risasi ni nzito kuondoka na mara nyingi hubaki kwenye kutu ikiwa na uwiano wake wa asili. Kilima chenye kutu kisicho na kitu ndani, na chenye hazina chini, vinaweza kutenganishwa hivyo.

Maabara wanafanya nini na jiwe langu?

Galena ni punje tu, ndogo kuliko ya mtama. Inayeyushwa kwa asidi, risasi inatenganishwa na vingine, halafu tone lake linawekwa kwenye uzi mwembamba wa madini ya reniamu pamoja na jeli ya silika na asidi ya fosfori. Uzi unapashwa moto ndani ya ombwe, atomi zinaruka zikiwa na chaji, sumaku inazipinda, na nyepesi zinapinda zaidi ya nzito. Kila aina inaangukia kikombe chake na kuhesabiwa. Mashine za kisasa zaidi hutumia gesi ya moto mkali badala ya uzi; hizo ni za haraka, lakini zinahitaji kuangaliwa zebaki isije ikajifanya risasi, maana zebaki nayo ina 204. Kwa mchenjuaji wa dhahabu anayetumia zebaki nyumbani, hilo si dogo: sema ukweli unapoleta sampuli.

Chuo Kikuu cha Cape Town ni miongoni mwa vyuo vya Afrika vyenye mashine ya aina hii. Ukituma jiwe nje ya nchi unahitaji kibali cha Tume ya Madini, hata likiwa dogo kama kokoto.

Inaweza kutambua madini ya magendo?

Inaweza kusema "haya hayawezi kutoka pale". Kusema "haya yametoka pale na si kwingine" ni kugumu zaidi, kwa sababu sehemu mbili za dunia zinaweza kuwa na risasi inayofanana. Na dalali akichanganya mizigo ya machimbo mawili kwenye kiroba kimoja, amechanganya na saini, yaani uwiano wa risasi unaotambulisha kila chimbo.

Mfano ninaoupenda ni wa shaba za Benin, Nigeria. Mwaka 2023 watafiti walichapisha vipimo vya manila, zile bangili za shaba na zinki zilizotumika kama fedha katika biashara ya utumwa, nyingi zikiwa zimeopolewa kwenye meli zilizozama. Risasi iliyomo ililingana na madini ya Rhineland, Ujerumani, na ikalingana pia na sanamu za Benin. Miaka mingi watu walibuni vyanzo. Punje za risasi zikataja.

Nchi yetu iliwahi kuchimba risasi?

Ndiyo, Mpanda, miaka ya 1950. Tawi la reli kutoka Kaliua kwenda Mpanda lilijengwa kwa ajili ya mgodi ule.

Nikileta galena niisage kwanza ili iwe nyepesi kubeba?

Usisage, na hasa usisage kwenye kinu cha nyumbani. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi nyingi katika maboma yao, na zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu. Risasi haina harufu. Usiipige karibu na chakula, usikalishe mtoto kwenye kifusi chake, na nawa kabla ya kula.

Lete jiwe zima, ukubwa wa ngumi, lililovunjwa ndani ya shimo, si lile lililokaa juani kwenye lundo. Liache na mwamba wake pembeni, nataka kuona limekaa katika nini. Lifunge peke yake, andika kina cha shimo kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, tia karatasi kwenye mfuko wa pili, isigusane na jiwe. Na kama umekuja na bodaboda, niambie limekaa wapi njiani.